Vichwa vya Dau

Mwalimu wa hesabu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya saluni akiwa na nusu ya nywele zake. Upande wa kushoto ulikuwa umenyolewa safi, umechongwa mpaka nyuma ya sikio kwa mkono wa mtu anayeijua kazi. Upande wa kulia kilikuwepo bado kile kichaka alichoingia nacho. Shuka la kinyozi lilikuwa shingoni, limebanwa kwa kibanio cha nguo. Kila mwanafunzi aliyepita alimwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu," kisha akaharakisha mpaka kwenye kona, na huko kwenye kona kikasikika kicheko cha mtu anayejaribu kukimeza.

Kinyozi alikuwa ameaga kwamba anatoka dakika mbili.

Dakika mbili za kinyozi yule zilijulikana mtaa mzima. Ndani yake mtu angeweza kufua, kuanua na kupiga pasi. Alikuwa akiitwa Wembe, jina alilopewa na wateja enzi zile alipokuwa bado anamaliza kichwa alichokianza. Siku hizi jina lilikuwa linavuma zaidi upande wa pili wa ukuta, kwenye banda la bati lenye meza ya pool, ambako Wembe alikuwa moto wa kuotea mbali. Saluni na banda vilitenganishwa na mbao tupu. Mpira ukigonga mpira kule, Wembe huku anashtuka kama mzazi aliyesikia mtoto wake analia. Mashine iko juu ya utosi wa mtu, anaizima. Anainamisha sikio. "Hiyo wamekosa," anasema kwa masikitiko. Na kabla mteja hajauliza wamekosa nini, kinyozi hayupo.

Nyuma ya pazia la maua, upande wa wanawake, mkewe alikuwa anasuka. Vidole vyake vilikuwa vimeizoea kazi kiasi kwamba havikuhitaji tena macho, kwa hiyo macho yalibaki na nafasi ya kumtazama mumewe akitoka. Hakuwa mwanamke wa makelele. Alikuwa tu na namna yake ya kuvuta pumzi kupitia kwenye meno, na wateja wake waliiogopa, maana pumzi ile ikivutwa na nywele nazo zilivutwa.

"Mimi sitaki gari," aliwaambia wanawake waliokuwa wamekaa kati ya magoti yake. "Wala ghorofa sitaki. Nataka tu mtu amalize kichwa kimoja."

Na kama shida ingekuwa kuchelewa peke yake, angemeza. Shida ilikuwa dau.

Kwenye banda lile hapakuwa na mchezo wa bure. Pembetatu ya kupangia mipira haijaondolewa mezani, mtu ameshauliza, "Tunacheza nini?" Wengine waliweka pesa, zikiisha wakarudi nyumbani kununa. Wembe hakuwahi kuweka hata senti. Siku ya posa aliapa mbele ya wakwe kwamba hatacheza kamari ya pesa maisha yake yote, na kiapo kile alikitunza kwa uaminifu wa kutisha: aliweka vichwa. Ukimfunga Wembe umepata kichwa, yaani umenyolewa mara moja bure, ndevu zikiwa ndani yake.

Wala hakufungwa kwa kutojua. Alifungwa kwa maringo. Angeshinda michezo mitatu mfululizo, halafu wa nne akatangaza kwamba anacheza kwa mkono wa kushoto. Au kwa jicho moja. Siku moja alicheza kwa mpini wa ufagio, na ufagio wenyewe ulikuwa wa saluni.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. Baadaye vichwa vikaanza kutembea. Mtu aliyeshinda kichwa na hana cha kunyoa alimpa shemeji yake. Mwingine alikibadilisha kwa misumari. Alikuwepo mzee mmoja mwenye upara uliokamilika, usio na hata unywele wa kubahatisha, ambaye alivilimbikiza vichwa vyake kama watu wanavyolimbikiza viwanja. Alipoulizwa atavitumia lini alisema hana haraka, vitapanda bei.

Lakini tajiri wa vichwa alikuwa Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Cheche alikuwa mtu mpole, mwenye miwani myeusi iliyopandishwa juu ya paji la uso kutwa, na upole wake ndio uliokuwa unaudhi. Vichwa vya Wembe alivifanya mishahara, zawadi na pole za misiba. Jumamosi moja alileta bwana harusi na wapambe wake wote, wamevaa soksi mpya, wakajipanga kwenye benchi na kusema kwa heshima kwamba wametumwa na Cheche. Walinyolewa wote. Wateja wa kulipa wakatazama foleni, wakaondoka. Siku hiyo msusi alivuta pumzi mara moja tu, na dada aliyekuwa mikononi mwake akatokwa na machozi.

Kilichomkera msusi zaidi ni mlango. Saluni ilikuwa inafungwa kwa ubao uliofungwa waya, na siku alipokwenda kwa Cheche kumwomba amtengenezee mlango wa chuma kwa bei ya ujirani, Cheche alitaja bei kamili, ya mtu baki, bila kupepesa jicho. Ukoo mzima wa Cheche ulikuwa umenyolewa kwenye kiti kile.

"Shemeji," alimwambia kwa upole wake ule, "chuma ni chuma."

Ndipo chama cha pool kikaja na weledi.

Mwenyekiti wa chama alifika bandani na suti ya kijivu, akasimama mbele ya meza yenye kitambaa kilichotoboka kwa vipisi vya sigara, akasema neno weledi mara nyingi hadi mwenye banda akadhani ni jina la mdhamini. Kulikuwa kunaanzishwa ligi. Wachezaji watalipwa kila mwezi kama watu wenye kazi zao. Watavaa kizibao, viatu vyeusi na tai ya kipepeo, na mwenzako akiwa anapiga utakaa kimya, husemi "atakosa huyo," hukohoi. Na dau ni marufuku: la pesa, la mali, hata la soda. Mchezaji atakayebainika anacheza kamari ya aina yoyote hatapata leseni.

Wembe alikwenda kwenye majaribio na kizibao alichoshonewa haraka, kikambana kifuani kama kimemkasirikia. Alicheza kwa mkono wa kulia, kwa macho yote mawili, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi na mapazia, na alicheza hivi kwamba wale waliokatazwa kukohoa walisahau hata kupumua. Akachaguliwa. Ilibaki leseni, na leseni ilikuwa mikononi mwa afisa wa maadili, ambaye angempitia kila mchezaji kazini kwake kumwangalia mwenendo.

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, msusi aliingiwa na tumaini, na tumaini lilimkalia vibaya kama kiatu cha kuazima. Mume mwenye leseni ni mume mwenye ratiba. Atacheza saa za kucheza, atanyoa saa za kunyoa. Alikipiga pasi kile kizibao mpaka kikaanza kung'aa mahali pasipotakiwa.

"Sasa, hivi vichwa vya watu vilivyoko nje," alimuuliza asubuhi wakinywa chai, "tunavifanyaje?"

Swali lilikuwa na meno. Wembe akinyoa vichwa vile, analipa deni la kamari mbele ya afisa. Akikataa, wenye vichwa watakwenda kwa afisa wenyewe, kwa miguu yao, wakiwa na nywele. Wembe akaenda bandani kuomba asamehewe. Yule mzee wa upara alikataa katakata na kuuliza nani atamlipa akiba yake ya uzeeni. Cheche alisema na yeye angependa kumwona rafiki yake kwenye televisheni, lakini kichwa ni kichwa.

Wembe alirudi saluni uso unamng'aa. Mkewe alipouona mng'ao ule alijua mambo yameharibika.

"Nimepata dawa," Wembe akasema. "Mchezo mmoja. Mimi na Cheche, yeye kwa niaba ya wote. Nikishinda, vichwa vyote vinakufa. Nikishindwa, vinakuwa mara mbili."

"Yaani unataka kuacha kamari kwa kucheza kamari."

"Ya mwisho."

"Na ukifungwa?"

"Mke wangu, mimi sifungwi. Huwa naamua tu."

Msusi akajiweka taratibu kwenye kiti cha kinyozi, akacheka kicheko kirefu kisicho na furaha hata chembe, na alipomaliza kucheka mumewe alikuwa ameshatoka.

Alishinda. Kwa mkono wa kulia, bila madoido, akasafisha meza na kuizamisha nyeusi, mpira wa mwisho, kwenye shimo la kona. Mzee wa upara alitazama akiba yake ikiteketea, akaondoka bila kuaga. Banda zima lilimbeba Wembe mabegani mpaka mlangoni pa saluni, ambako mteja alikuwa anamsubiri na ndevu za upande mmoja.

Afisa wa maadili alikuja wiki ileile: bwana mwembamba, mstaarabu, na kwa bahati njema au mbaya, nywele zake zilikuwa zimemzidi. Alisema ataketi anyolewe huku wakizungumza. Wembe akamfunga shuka, akawasha mashine, na kazi ikaenda vizuri. Afisa aliuliza habari za mazoezi, Wembe akajibu kama mtu mzima. Mpira uligonga mpira nyuma ya mbao. Mkono wa Wembe ukasita. Nyuma ya pazia msusi alishika msuko na hakuupeleka mbele wala nyuma. Mkono ukaendelea.

"Nilisikia hapa zamani palikuwa na mambo ya dau," alisema afisa.

"Zamani, mzee. Yameisha kabisa."

"Safi sana. Uliwezaje kuacha? Wenzako wengi inawashinda."

Mtu mwingine yeyote angesema Mungu amesaidia, akaendelea kunyoa. Lakini hakuna aliyewahi kumgusia Wembe mchezo alioshinda akapewa jibu fupi. Alizima mashine. Akachukua kitana kirefu kiwe fimbo, akainama juu ya kaunta, kopo la poda likawa mpira mweupe na chupa ya spiriti ikawa ile nyeusi, akamwonyesha afisa mchezo mzima tangu pembetatu ilipoondolewa: Cheche alivyojificha nyuma ya mpira wake, yeye alivyopita ukingoni kwa kubana pumzi, nyeusi ilivyotembea polepole mpaka banda zima likawa linaisukuma kwa macho. "Ikazama, mzee. Na vichwa vyao vyote vikafa palepale."

"Vichwa gani?" aliuliza afisa.

Nyuma ya pazia, mteja wa msusi alipiga ukelele mdogo wa maumivu.

Wembe akaeleza na vichwa. Alieleza kwa ukamilifu, hakuacha hata bwana harusi. Afisa akaichomoa karatasi ya leseni kwenye bahasha, akaitazama, akairudisha.

"Kwa hiyo kamari uliiacha kwa kamari."

"Lakini nilishinda, mzee," alisema Wembe, na kwa kweli hakuelewa ugumu uko wapi.

Afisa hakuwa katili, tena alikuwa na nusu kichwa, hali inayomfanya binadamu aongee kwa upole. Alisema kwa haki angepaswa kulifuta jina hapo hapo. Lakini aliyaona majaribio, na kipaji kama kile ni hasara kukiacha. Atarudi mwisho wa mwezi. Mpaka siku hiyo, Wembe asionekane bandani, hata kizingitini. Akionekana, leseni atapewa mwingine. Kisha akaomba kichwa chake kimaliziwe.

"Au tufanye hivi, mzee," alianza Wembe. "Tucheze mmoja tu, mimi na wewe. Nikishinda…"

Pazia lilifunguka. Msusi alikuwa amesimama, nywele za bandia zimemning'inia mkononi kama kitu alichokiua.

"Mnyoe," alisema.

Alinyolewa. Afisa alipokwisha kuondoka, msusi akaelekeza kidole kwenye kiti.

"Kaa."

Wembe alikaa, akidhani anataka kumbembeleza. Mkewe akamfunga shuka, akawasha mashine, akampitishia upande wote wa kushoto, kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni, mpaka ngozi ikaonekana. Halafu akaizima na kuitia kwenye mfuko wa aproni yake.

"Na huku?" aliuliza Wembe akishika upande wa kulia.

"Huku dakika mbili."

Ni lazima kuelewa banda lile lilivyokuwa na ulimi. Waliwahi kumcheka mtu mwezi mzima kwa sababu ya soksi zisizofanana. Kuingia pale na nusu kichwa, kinyozi mzima, ni afadhali uingie uchi. Siku ya pili Wembe alijaribu kofia, akafika nje, akakumbuka kwamba kitu cha kwanza wanachofanya bandani ni kumvua mtu kofia. Akarudi. Kutoka nyuma ya mbao wakamwita, "Wembe, meza iko tupu." Akajigusa kichwani, akamwita mteja aliyefuata.

Ule mwezi ulikuwa mrefu. Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alinyoa. Alinyoa kichwa akakimaliza, akaanza kingine akakimaliza na hicho. Asubuhi mkewe alikuwa akimpa mashine ya kazi mkononi kama anayemkabidhi mtoto, kutwa akamchungulia kwenye pazia asije akajimalizia mwenyewe, jioni akaichukua. Na upande wa kushoto ulipoanza kuota majani, akamketisha na kuupitia upya. Mpira ukigonga kule, Wembe alisaga meno. "Huyo angepiga ya njano kwanza," alimwambia mteja kwa uchungu. "Anaiacha ya njano. Anaiacha, Mungu wangu." Na mteja, aliyekuwa amejiandaa kupoteza mchana, alijikuta yuko nje, amenyolewa pande zote, hana la kulalamikia.

Mwalimu wa hesabu naye alikuja. Alisimama mlangoni akakitazama kichwa cha kinyozi wake kwa muda, na uso wake ukalainika taratibu.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mke wangu."

"Nisalimie sana," alisema mwalimu, akaketi.

Mwisho wa mwezi afisa alirudi. Alikuwa ameshapita kwa majirani na kwa mwenye banda, na wote waliapa kwamba Wembe hajakanyaga. Akakitazama kichwa cha Wembe. Kisha akaiweka leseni juu ya kaunta, akaitandaza kwa kiganja na kutoa kalamu. Msusi alikuwa ametoka nyuma ya pazia kushuhudia. Wembe alikuwa amevaa kizibao.

Kalamu ilikuwa imegusa karatasi wakati giza lilipoingia saluni. Kumbe ni mlango. Mlango mzima wa chuma, mpya, umepakwa rangi ya kijani, ukiwa mgongoni mwa Cheche na jasho linamtiririka chini ya miwani.

"Shemeji," alisema Cheche akihema, "mali yako hii. Deni limekwisha."

Afisa aliinua kichwa. "Deni la nini?"

Hakuna aliyewahi kumfundisha Cheche kudanganya, na alikuwa amebeba chuma. "La dau, mzee. Mimi nilimwambia shemeji huyu bwana hamalizi mwezi bila kuja bandani. Yeye akasema anamaliza. Nikaweka mlango, yeye akaweka vichwa vya ukoo wangu mwaka mzima. Kanifunga."

Bandani mipira iliacha kugonga, maana mbao hupitisha sauti kotekote. Wembe alimgeukia mkewe akiwa na nusu ya kichwa na hasira kamili.

"Wewe? Kamari? Mimi nakaa humu nateseka, nahesabu mipira ya watu ukutani, kumbe wewe unanichezea?"

"Kamari ni ya mtu asiyejua mwisho wake," alisema msusi. "Mimi mashine nilikuwa nayo mfukoni."

Afisa wa maadili akatoa kitabu cha kanuni. Akapekua mbele, akapekua nyuma, midomo inacheza. Kila mahali paliandikwa mchezaji: mchezaji asiweke, mchezaji asipokee, mchezaji asihusike. Mke wa mchezaji hakuwemo. Wala fundi wa kuchomelea hakuwemo. Alikifunga kitabu, akavuta pumzi kupitia kwenye meno, na msusi akamtazama kwa heshima mpya, kama mtu anayemtambua ndugu. Kisha akasaini haraka, kwa mwandiko wa mtu anayepokea mzigo asiotaka kuufungua, akashika bahasha na kuondoka. Nywele zake zilikuwa zimeanza kumzidi tena, lakini hakukaa.

Wembe aliishika leseni kwa mikono miwili. Alikuwa bado amenuna, ila kununa na leseni mkononi ni kazi ngumu. Alijitupa kwenye kiti, akajifunga shuka mwenyewe.

"Haya, nimalizie. Mechi ya kwanza ni Jumamosi, siwezi kwenda kule kwenye kiyoyozi na kichwa hiki."

Mkewe hakubisha. Alitoa mashine mfukoni, akaiwasha, akampitishia mara moja juu ya sikio la kulia, mstari mmoja mzuri, mnyoofu, uliokwenda mpaka kisogoni. Ndipo Cheche alipoita kutoka nje kwamba bawaba ya chini haikai, shemeji aje aone aikate au aikunje.

Msusi akaizima mashine.

"Nakuja," alisema, akiirudisha kwenye aproni. "Dakika mbili."

Nyuma ya mbao mpira uligonga mpira. Wembe hakuinamisha sikio. Alikuwa ameukazia macho mlango wa kijani, ambao mkewe alikuwa anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga, akisikiliza kama unalia. Mwanafunzi mmoja akapita nje, akasimama, akamwamkia kinyozi kwa adabu zote. Kisha akaharakisha kuelekea kwenye kona.